Makumbusho ya Sanaa Ukiwa Safarini: Maswali Ninayoulizwa na Wageni Wangu

Naishi London, na kila kiangazi nyumba yangu hugeuka gesti. Anakuja shemeji, wanakuja watoto wa shangazi, anakuja rafiki wa rafiki anayeunganisha ndege. Kila mmoja ana orodha yake: saa kubwa, daraja, uwanja wa mpira, maduka ya nguo. Halafu mvua inanyesha siku ya pili, mtu anauliza kama hakuna pa kwenda penye paa, na tunaishia makumbusho. Maswali huwa yaleyale, ndiyo maana nimeyaandika hapa, pamoja na niliyojifunza kwenye safari zangu za Paris, Amsterdam, Madrid na New York.

Mimi sijui chochote kuhusu sanaa. Si nitaonekana mshamba?

Hapana. Wengi wa wale unaowaona wamesimama mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, hawajui kukuzidi. Wamejifunza kusimama tu.

Shangazi yangu ni fundi cherehani, Tanga. Ameacha kushona kwa mikono lakini kwa macho bado anashona. Nilimpeleka National Gallery, pale Trafalgar Square, akapita vyumba vitatu bila kusema neno, mkoba kaukumbatia kifuani kama yuko stendi ya mabasi. Tukafika kwenye picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, ile ya bwana Arnolfini na mwanamke aliyevaa gauni la kijani. Ni picha ndogo, haifiki hata mita moja kwenda juu. Shangazi akasimama.

"Gauni hili limekula mita ngapi?"

Nikasema sijui. Akaanza kuhesabu mikunjo kwa kidole hewani, mlinzi naye akimkodolea macho kuhakikisha kidole hakisogei karibu zaidi. Watu wengi wakiiona picha ile huuliza kama mwanamke yule ni mjamzito. Shangazi hakuuliza. Alisema, "Huyu hana mimba. Kitambaa ni kirefu, amekikusanya tumboni kisiburuzike." Wataalamu wengi wa historia ya mavazi wanasema hivyohivyo. Akaona jozi ya viatu vya mbao pembeni, chini kushoto: "Mitalawanda imevuliwa ndani ya nyumba. Hawa wana adabu." Akaona machungwa dirishani, nikamweleza kwamba Bruges, mji alikoishi mchoraji huyo, wakati ule machungwa yalitoka mbali kwa meli na hayakuwa tunda la kila mtu. Akacheka. Alijua vizuri kwa nini mtu huweka tunda la bei pale mgeni atakapoliona.

Kisha kile kioo cha mviringo ukutani. Ukikitazama kwa makini unaona migongo ya wale wawili, na mbele yao watu wengine wawili wanaingia mlangoni. Juu yake pameandikwa kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. "Kama vijana wanavyoandika kwenye viti vya daladala," akasema.

Tulikaa pale dakika 40. Kwa hiyo ukiingia, anza na unachokijua. Kama wewe ni mvuvi, tafuta bahari na uangalie kama matanga yamefungwa sawasawa. Mpishi atazame meza za Waholanzi, muuguzi atazame namna wachoraji walivyochora maiti.

Nina siku moja tu Paris. Nitaimaliza Louvre?

Huimalizi, na wala usijaribu. Wameweka nje vitu takriban 35,000. Ukikipa kila kimoja nusu dakika, bila kulala wala kula, utatoka baada ya siku 12. Ninachowaambia wageni ni hiki: kabla hujatoka hotelini, chagua vitatu. Andika majina yake kwenye karatasi na ukumbi vilipo. Vingine utakavyokutana navyo njiani ni nyongeza.

Mona Lisa utaitaka, najua, na hakuna ubaya. Ila ujue unachokwenda kukuta: picha ya sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo kizito, na mbele yake mikono iliyoinua simu kama wanaopunga wagombea kampeni. Ukishajipigia picha yako, geuka nyuma. Ukuta unaotazamana nayo una Harusi ya Kana ya Paolo Veronese, ya mwaka 1563, karibu mita 7 kwenda juu na mita 10 kwenda upande. Askari wa Napoleon waliichukua kutoka monasteri moja ya Venice mwaka 1797. Ndiyo picha kubwa kuliko zote mle ndani, na mamia ya watu huipa mgongo kila saa. Kuna wanamuziki katikati, mbwa, paka, watumishi wanaomimina divai, mtu anachokonoa meno. Sherehe nzima ya Kiswahili, isipokuwa pilau.

Watafiti waliowahi kupima muda wa watazamaji kwenye Metropolitan ya New York, wakachapisha mwaka 2001, walikuta nusu ya watazamaji hawazidi sekunde 17 hivi mbele ya picha moja, na hapo kusoma maelezo ya ukutani kumo. Sekunde 17 haitoshi hata kufunga kamba za viatu. Ukikaa dakika 10 mbele ya kitu kimoja umeshapata zaidi ya wenzako wote waliokupita.

Niende siku gani na saa ngapi?

Kwanza angalia siku ya kufungwa, kwa sababu kila nyumba ina yake. Louvre hufunga Jumanne. Musée d'Orsay, palepale Paris, Jumatatu. Metropolitan, Jumatano. Makumbusho ya Vatikani hufunga Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure na msongamano wake ni wa Kariakoo mkesha wa Idi. Rijksmuseum ya Amsterdam hufungua siku 365. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda treni saa mbili nzima kwenda mji mwingine, nikakuta mlango umefungwa na njiwa wanatembea kwenye ngazi. Nilikula andazi la mtaani nikarudi.

Nyakati nzuri ni mbili: mlango unapofunguliwa, na jioni siku za kuchelewa kufunga. National Gallery hufungua hadi saa 3 usiku Ijumaa, Louvre hadi saa 3 usiku Jumatano na Ijumaa, Metropolitan Ijumaa na Jumamosi. Makundi ya mabasi yameshakwenda kula, na vyumba vinapumua.

Na tafadhali, elewaneni saa. Tiketi ikisema 15:00 ni saa tisa alasiri. Binamu yangu aliyekulia Toronto nilimwambia tukutane mlangoni saa tisa. Alifika saa tatu asubuhi, akaniweka moyoni kwa muda wa saa sita.

Bei je? Kuna za bure?

London ni neema: National Gallery, British Museum na Tate Modern huingii kwa pesa, unalipia maonyesho maalumu tu. Washington, makumbusho yote ya Smithsonian ni bure. Prado ya Madrid hufungua bure saa mbili za mwisho: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa 12 jioni, Jumapili kuanzia saa 11. Foleni ya bure hujipanga mapema, lakini hutembea haraka.

Louvre imepandisha. Tangu Januari 2026 mgeni anayetoka nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya analipa euro 32, ilhali wa ndani analipa 22. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Metropolitan ni dola 30 kwa mtu mzima. Ule utaratibu wa kulipa unachoweza, ambao mjomba wako aliyekwenda zamani alikusimulia, umebaki kwa wakazi wa jimbo la New York na baadhi ya wanafunzi wa jirani.

Nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe. Ukitafuta kwenye intaneti, za juu kabisa mara nyingi ni za madalali wanaouza tiketi ileile kwa bei ya kuruka. Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam, haiuzi tiketi mlangoni kabisa: unachagua siku na saa mtandaoni, na msimu wa watu wengi nafasi huisha mapema.

Naweza kuingia na begi na chakula?

Begi dogo, ndiyo. Begi la mgongoni wengi watakuambia ulivae mbele au uliache kwenye makabati. Sanduku la safari usilipeleke. Chakula hakiruhusiwi mbele ya kazi za sanaa, na chapati ya kukunja ina harufu kuliko unavyodhani.

Kupiga picha?

Sehemu nyingi ruksa, bila fleshi na bila fimbo ya selfi. Prado hairuhusu kabisa. Kikanisa cha Sistina pia hakiruhusu, na walinzi hunyamazisha watu kila baada ya dakika chache. Huko Vatikani mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Hapo kanga moja kwenye mkoba inaokoa.

Ushauri wangu: tazama kwanza, piga baadaye, na ukishapiga kazi piga pia lebo yake. Nina picha kama 200 za sanamu nisizozijua jina.

Nimekuja na mama mkwe (au baba, au shekhe wetu). Picha za uchi zitakuwaje?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na ni la haki. Vyumba vya Wagiriki, Warumi na Waitalia wa karne ya 16 vina miili mitupu, na huwezi kuikwepa kwa kutazama sakafu. Panga njia yako mapema. Vyumba vya Waholanzi wa karne ya 17 vina mandhari, meli, samaki na watu waliovaa hadi shingoni. Vyumba vya vitambaa, vyombo vya udongo na sanaa ya Kiislamu havina shida yoyote.

Mimi huwapeleka Victoria and Albert, South Kensington, ambako nako ni bure. Kuna Zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi, urefu zaidi ya mita 10 na upana zaidi ya mita 5. Limelazwa sakafuni ndani ya sanduku kubwa la kioo, na taa zake huwashwa dakika 10 tu kila saa na kila nusu saa, ili rangi zisichujuke. Unakaa kwenye benchi gizani unasubiri. Taa zinapopanda polepole, rangi ya nili inaibuka kwanza machoni, kisha yale maua yote. Mwishoni mwa zulia umefumwa mwaka: 946 wa Hijria. Mama mkwe wa rafiki yangu aliusoma mwenyewe, akakataa kuondoka mpaka taa ziwashwe mara ya pili.

Nitakuta vitu vya kwetu?

Utavikuta, na huenda vikakuchanganya. Jiandae.

Vya kufurahisha kwanza. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga, na mwaka 2017 akashinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Tate ina kazi zake. Amechora pia kazi zinazofuata mpangilio wa kanga, pamoja na jina, na mtu aliyekulia Pwani atazielewa kabla hajasoma lebo. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu. Vyungu vyake husuguliwa hadi vikang'aa bila kupakwa rangi ya kioo, na vingine vina shingo na tumbo kama mama mjamzito. British Museum inavyo. Mwaka 2019 Wangechi Mutu, naye wa Nairobi, aliweka wanawake wanne wa shaba nyeusi kwenye uso wa jengo la Metropolitan, katika zidaka zilizokaa tupu tangu mwaka 1902. Hawapo tena pale, lakini kila nikipita huziangalia zile zidaka.

Kumbuka kazi hutolewa na kurudishwa stoo. British Museum ina vitu kama milioni 8 na huonyesha asilimia moja tu hivi. Kabla ya kwenda kwa ajili ya kitu kimoja, litafute jina lake kwenye tovuti yao uone kama kimewekwa nje.

Katika vyumba vya Afrika vya British Museum, chini kabisa, kuna Mti wa Uzima uliotengenezwa Msumbiji kwa bunduki zilizokatwakatwa baada ya vita. Sogea karibu uvione vipande vya bunduki. Metropolitan ilifungua upya vyumba vyake vya Afrika mwishoni mwa Mei 2025, na miongoni mwa hazina zake ni kigoda cha Waluba kilichochongwa na fundi anayejulikana kama bwana wa Buli, kusini-mashariki mwa Kongo. Mwanamke mwenye uso mwembamba amebeba kiti kwa vidole. Msomaji wa Lubumbashi au Kalemie atamtambua kama jamaa.

Sasa vya kuchanganya. Ukimkuta kigango cha Wamijikenda amesimama kwenye chumba cha Marekani, ujue hizo ni nguzo zinazosimikwa kwa heshima ya wazee waliofariki, na nyingi ziling'olewa usiku zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Makumbusho ya Denver iliamua mwaka 2014 kurudisha 30. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa kwenye makumbusho ya taifa Dar es Salaam mwaka 1984 kilionekana baadaye Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na mwaka 2010 kikarudishwa Tanzania. Kwa hiyo soma lebo mpaka mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo. Ndio unaosema nani alikitoa na mwaka gani. Ukiona "1897" kwenye shaba za Benin, ufalme wa zamani katika Nigeria ya leo, huo ndio mwaka Waingereza walipouteka mji na kupora jumba la mfalme. Kama lebo imenyamaza, kuna madawati ya maelezo, uliza. Wamezoea, na mengine wanayajibu vizuri.

Na watoto?

Dakika 45, kisha keki. Wape kazi: kutafuta mbwa 10, au kila mtu aliyelala. Karatasi na penseli ruksa sehemu nyingi, kalamu ya wino mara nyingi hapana. Usiwabebe mgongoni karibu na kazi. Mguu wa mtoto hauna adabu.

Miguu na mgongo vinaniuma baada ya saa moja. Ni uzee?

Siyo uzee. Mmarekani mmoja wa Boston, Benjamin Ives Gilman, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho mwaka 1916, akawapiga watu picha wakijikunja na kuchuchumaa ili waone vitu vilivyowekwa vibaya. Kutembea polepole na kusimama kunachosha kuliko kutembea moja kwa moja. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, siyo vipya vya safari. Kaa kwenye kila benchi unaloliona, hata kama hujachoka. Baada ya saa moja na nusu toka ukanywe chai, urudi kama tiketi inaruhusu.

Naunganisha ndege Abu Dhabi. Inafaa kutoka uwanjani?

Kama una saa nane au zaidi mchana, na viza umeshaithibitisha, inafaa. Louvre Abu Dhabi ilifunguliwa Novemba 2017 kwenye kisiwa cha Saadiyat, kazi ya msanifu majengo Jean Nouvel. Kuba lake lina upana wa mita 180, limetobolewa nyota kwa maelfu, na jua linapita humo na kuanguka sakafuni vipandevipande, sawasawa na chini ya minazi ukilala chali. Hufungwa Jumatatu. Hata ukichoka kutazama vitu, kaa chini ya kuba karibu na maji.

Lugha inanisumbua.

Kamera ya simu inatafsiri lebo, siyo vizuri sana, lakini utajua kama ni ng'ombe au mtakatifu. Pakua lugha kabla ya kwenda, maana mtandao ndani ya kuta nene hukatika. Na walinzi usiwaogope. Wanakaa na kazi zile siku nzima. Muulize mlinzi ipi anaipenda yeye. Mmoja, mzee wa Kisomali, alinivusha vyumba viwili kwenda kunionyesha farasi.

Dukani ninunue nini?

Kadi ya posta ya kitu ulichokaa nacho, basi. Mwavuli wenye maua ya Van Gogh utausahau kwenye treni. Shangazi alinunua kadi ya Arnolfini, akaibandika juu ya cherehani lake Tanga. Anasema mwezi uliopita alikuja bibi harusi mtarajiwa, akaiangalia, akauliza kama anaweza kushonewa hivyo, rangi hiyohiyo. Shangazi akamtajia mita. Yule binti akaomba aonyeshwe mishono mingine.